Nzivo, Mpiga Picha za Mikono

Ndugu yangu Nzivo alipigwa na polisi kabla hajaandika hata neno moja gazetini. Alikuwa kijana tu, amesimama ukingoni mwa mto Mathare akitazama maiti ikitolewa majini, akauliza, "Nani alimfunga mikono?" Wakamjibu kwa rungu. Alirudi nyumbani Kariobangi na jino lake kiganjani.

"Swali limekung'oa jino," nikamwambia.

"Na bado hawajanijibu, mwaitu."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Mimi Kavutha ni dada yake, lakini mama yetu Mbinya alifariki Nzivo akiwa mdogo sana, nikamlea mimi. Sikukanyaga darasa ili yeye akae ndani yake. Nilisuka viondo, vikapu vya kwetu, nikauza. Kila kitabu alichosoma kilitoka kwenye paja langu, pale ninaposokotea uzi wa mkonge, mpaka ngozi ikawa ngumu kama ya ng'ombe. Alipokufa, gazeti lake lilimpa ukurasa mzima, likamwita shujaa. Jina langu halikuwemo. Basi nitamsema mimi.

Hakuwa mwandishi wa kunakili hotuba za wakubwa. Yeye alifuata damu. Aliandika juu ya askari waliokodisha bunduki kwa wezi, na wasichana waliookotwa kwenye mitaro. Mhariri wake alimtuma mahali ambapo yeye mwenyewe hangepeleka hata mbwa wake. Na Nzivo alikuwa na desturi moja: mtu akiogopa kutajwa, hakumpiga picha ya uso. Alimpiga mikono. "Uso una mwenyewe," alikuwa akisema, "mikono ni ya watu wote." Mikono ya fundi na nyundo yake, mikono ya mama anayechambua sukuma wiki. Watu walimwamini kwa sababu hiyo.

Mwaka wa tisini na nne wakachoma soko letu. Tajiri mmoja aitwaye Ndung'u alikitaka kile kiwanja, akatutumia watu watufukuze, tukakataa kuondoka. Asubuhi moja, jua halijatoka vizuri, niliteremka mtoni nyuma ya soko kuloweka mkonge. Nikamwona Ndung'u kwa macho yangu haya, amesimama kando ya pikapu, anawagawia vijana mitungi ya petroli. Mmoja wao alikuwa anafunga kwa mnyororo mlango wa kibanda cha mzee Dirie, Msomali aliyeuza shuka na kulala humo humo. Nikapiga kelele, lakini moto ulikuwa umeshapanda. Mzee Dirie aliugonga ule mlango, akaugonga, halafu akaacha kuugonga.

Magazeti yote yakasema ni jiko lililoanguka. Nzivo akaja kwangu.

"Mwaitu, ni wewe pekee uliyemwona Ndung'u. Bila wewe nina moshi tu."

"Wakijua ni mimi wataniua."

"Hawatajua. Sitataja jina, sitaonyesha uso."

"Apa."

Akaapa kwa maziwa ya mama yetu.

Nikamweleza yote huku nikisuka, maana mimi siwezi kusema na mikono imelala. Kamera ikalia, ikalia tena. Nzivo, mtoto niliyemlea juu ya viondo vyangu, hakufikiri anapiga picha ya nini.

Ikatoka ukurasa wa mbele: mikono miwili, na katikati kiondo nusu, chenye mistari miwili myeusi na mmoja mwekundu uliokatika. Ule ni mstari wa mama yetu Mbinya. Msusi wa kwetu hasuki mstari wa nyumba nyingine, na Eastlands yote niliyeusuka ule ni mimi peke yangu.

Kimeu alikuja adhuhuri na wenzake wawili. Ni kijana wa kwetu. Siku ile ya moto ndiye aliyeshika mnyororo.

"Sasa, mathe," akasema, akavua kofia. "Za kazi?"

"Nzuri, mwanangu."

"Mathe wangu anakipenda sana kile kiondo ulimuuzia. Kanisani hakosi nacho." Akakunjua gazeti. "Hebu ona, si kama pacha wake? Nani mwingine anasuka hivi?"

"Wako wengi."

Akawageukia wenzake akicheka. "Ati wengi! Mathe, danganya hawa. Mimi ni Mkamba."

Wakanilazia mkono juu ya kigoda changu. Nyundo waliiomba kwa adabu kwa Kimani, fundi wa mabati hapo nje, naye akawapa. Walianza na gumba. Mfupa ukivunjika unausikia kwanza, maumivu yanakuja nyuma. Wangeci, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliongeza sauti ya redio, na kwaya ikaimba mpaka wakamaliza mkono wa kulia. Walipofika wa kushoto sikuwa na sauti tena.

"Pole, mathe," akasema Kimeu, kama mtu aliyekukanyaga kwenye foleni.

Nzivo alinikuta hospitali, akapiga magoti, akalia. Halafu, na Mungu anisamehe kumsema marehemu, mkono wake ukaingia kwenye mkoba wa kamera.

"Unataka kunipiga tena?"

"Watu waone walichokufanyia, mwaitu."

Nikamtemea mate. Hakujipangusa.

"Piga," nikamwambia. "Lakini mara hii piga na uso. Uandike na jina la baba: Kavutha wa Musyoka alimwona Ndung'u akigawa petroli."

"Watajua ni wewe. Watakumaliza."

"Wanajua tayari, mjinga wewe! Wasiojua ni watu wema tu."

Akapiga. Mhariri aliogopa, akaikalia ile picha, mwishowe akaitoa. Vinyozi waliibandika ukutani mpaka Muthurwa. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kunigusa, maana kuniua kungekuwa sawa na kukiri. Ndung'u alishikwa, akaachiliwa, lakini kiwanja alikikosa. Hasira yake ikabaki na mtu mmoja ambaye uso wake haukubandikwa popote.

Nzivo alivamiwa kando ya reli akienda kazini. Mochari, askari alifunua shuka, akairudisha upesi. Uso walikuwa wameutwanga kama mahindi ya muthokoi.

"Mama, utamtambuaje huyu?"

"Nionyeshe mikono."

Kidole cha shahada kilikuwa na kovu la kisu changu cha kukatia mkonge, alichokichezea akiwa mtoto. Nikaliinamia kovu lile, nikaligusa kwa midomo, kwa sababu vidole vyangu havihisi kitu.

"Ni yeye," nikasema. "Ni Nzivo wa Musyoka."

"Basi tia sahihi."

"Sijui kuandika."

"Weka gumba hapa."

Nikaweka juu ya meza kile Kimeu alichoniachia. Askari akakitazama, akafunika wino.