Mashamba Sita ya Ngano Sebuleni kwa Baba Mkwe

Mimi ni mwanamke wa kwanza pande za Mpuguso kurudi kutoka Ulaya na diploma ya uchoraji. Hakuna aliyenisomesha. Nafasi niliitafuta mwenyewe kwa barua, na miaka mitatu niliosha masufuria ya bweni ili nibaki chuoni. Niliporudi watu walidhani nitaishia kuandika mabango ya maduka. Niliandika machache, ndiyo, na yalisomeka kuliko ya wengine wote. Lakini kazi iliyonitambulisha Tukuyu ni mashamba ya ngano.

Ilikuwa enzi za ruksa. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na mfanyabiashara mmoja Mwislamu, aliyeanza kwa kuuza vitenge sokoni, alikuwa amejenga nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Alitaka picha ukutani, si kalenda.

“Ila sitaki mtu wala mnyama,” aliniambia. “Na zote zifanane, fundi. Mgeni wa chumba namba tatu asije akalalamika kwamba wa namba nne kapewa nzuri zaidi.”

“Mimi si fundi. Ni msanii. Nina diploma.”

“Haya, fundi mwenye diploma.”

Nilimfungulia kitabu nilichorudi nacho, kwenye picha ambayo Wazungu hupanga foleni kuitazama: shamba la ngano iliyoiva, upepo umeilaza upande mmoja, mti wa kijani kizito umechongoka kama ile ya Krismasi inayopandwa makanisani kwetu, na mawingu yamejiviringa kama maziwa yanayokorogwa. Akaitazama muda mrefu. “Hiyo,” akasema.

Nikainakili kwa mkono mara sita, kwa rangi za mafuta, juu ya kitambaa cha marekani nilichokibana kwenye fremu. Wapo wanaodhani kunakili ni kazi ya mvivu. Wajaribu. Kuufanya upepo uleule uvume mara sita kunataka mkono uliosoma. Nilimaliza karibu rangi yote ya njano niliyokuja nayo, na njano ya namna ile sikuiona Mbeya wala Dar es Salaam.

Nilichosahau ni Tukuyu yenyewe. Kule nilikosomea, rangi niliyoipaka vile ilikauka kwa wiki mbili. Kwetu mvua na ukungu havikupumzika, na wiki ya tatu ngano bado iling'ang'ania kidole.

Asubuhi moja niliziacha kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu, ambayo mume wangu, aliyekuwa kazini Mbeya, hakuwa amemaliza kuiezeka, nikaenda mjini kumwomba mteja siku kumi zaidi. Akanipa, lakini akaapa kwamba zikipita hizo atanunua kalenda na hatachukua picha hata moja. Wakati narudi ikashuka mvua ya upepo. Nilipofika nilikuta bati limefunguka, maji yamejaa sakafuni, na picha zote sita hazipo.

Mama mkwe, ambaye nyumba yao ilipakana na yetu, alikuwa ananisubiri uani. “Usipige kelele. Mzee amezihamishia kwake.”

Picha mbichi ukizipanga uso kwa uso zinabanduana, kinachobaki ni tope la rangi. Na aliyejua amezipangaje ni baba mkwe, mtu ambaye sikuruhusiwa kumwona. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke wa mwana hakutani na baba mkwe wala hasemi naye. Familia nyingi za Kikristo zilikuwa zimelegeza. Yake ilikaza. Aliingia nyumbani kwangu kwa sababu tu sikuwepo, na mimi sikuweza kuingia kwake kwa sababu yumo.

Nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko, kanga hadi puani. Mama mkwe akasimama mlangoni kwa mzee, katikati yetu.

“Mama, muulize kama amezilaza au amezisimamisha.”

Akageuza uso. “Anauliza umezilaza au umezisimamisha.”

“Mwambie nimesikia,” sauti ikatoka ndani.

“Sasa kama umesikia si umjibu?”

“Anijibu yeye kwanza. Shamba hili ni la nani? Mtu hamna, ng'ombe hamna, hata kibanda cha kujikinga mvua.”

“Mama, mwambie mteja hakutaka watu. Muulize kama zinagusana!”

“Anasema usizishikeshike na mikono yako ya ugoro.”

“Sijasema hivyo, mama!”

“Lakini ulitaka kusema.”

Ndani mzee akakohoa.

“Mwambie mimi nilipaka majeneza vanishi kabla hajazaliwa. Kitu kibichi hakigusani na kibichi. Kila moja ina msumari wake.”

Nilijua alikuwa seremala. Milango yetu yote ni yake. Haikunijia hata mara moja kwamba mtu wa majeneza anaijua rangi mbichi kama mimi.

Akatoka kwa mlango wa nyuma, akikohoa makusudi ili nijue yuko wapi, akapotelea migombani. Nikakimbilia ndani. Mashamba yangu yalikuwa yameizunguka sebule, yametazama mbele, yameachana kiganja kimoja kimoja. Palikuwa na alama moja tu ya kidole gumba, pembeni mwa wingu. Nikajitupa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

“Inuka!” mama mkwe akapiga yowe. “Hicho ni kiti chake!”

Nikaruka kama niliyekalia siafu. Tukatazamana, tukacheka mpaka tukashikana mabega. Nilimwomba anipelekee “ndaga fijo” yangu kwa mzee, yaani ahsante sana. Nadhani hiyo aliifikisha bila kuongeza kitu.

Picha zilikaa palepale, zikikaushwa na joto la jiko lao la kuni lililokuwa nyuma ya ukuta, na kwa siku zile mzee alipokea wageni wake barazani. Siku ya tisa nilizipeleka mjini, nikazitundika mwenyewe, chumba baada ya chumba, mteja akinifuata nyuma na mikono mgongoni. Chumba cha sita akasogea, akapitisha kidole polepole juu ya ngano, kutoka chini ya mti hadi ukingoni, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Kilikuwa kisafi.