Barua Isiyouliza Ng'ombe

Miaka ile ya dhahabu, Tarime nzima ilikuwa ikiandikiana na watu isiowajua. Mimi nilikuwa na steshenari yenye intaneti pale Nyamisangura, mashine chache zilizochoka na anwani moja ya barua pepe ambayo nusu ya mji iliitumia kama sanduku la posta. Mchimbaji akitaka kumwandikia mnunuzi wa Mwanza, alitumia anwani yangu. Mzazi mwenye mtoto mbali, majibu yalikuja kwangu nikamsomea. Nilijua nani anaumwa na nani kaoa kimyakimya. Sifichi, nilipenda kujua.

Lakini anwani ya wote haina komeo. Ziliingia barua za kila namna: bei mpya ya dhahabu, mashine za kusagia mawe kwa mkopo, mzungu anayetafuta mshirika. Zote zilikuwa na kiambatisho na zote zilikuwa na haraka. Siku moja mteja mwenye karasha ya kusagia mawe alifungua kimoja bila kuniuliza. Kufika adhuhuri kila faili la dukani lilikuwa limekataa kufunguka, pamoja na mitihani ya shule niliyokuwa nachapa. Nilimfokea mpaka majirani wakaja kuamua. Kesho yake nikabandika ukutani karatasi ya herufi kubwa: hakifunguliwi kiambatisho mpaka aliyekituma apigiwe simu, akubali kwamba ni chake. Watu wakasema duka langu limekuwa kituo cha polisi. Nikawaambia asiyetaka aende kwingine, na kwingine hakukuwepo.

Kwenye baraza yangu alikuwa akikaa mama mmoja Mjaluo, muuza karanga. Mwanawe wa pekee alifanya kazi hoteli ya watalii kule Ikoma, na huko ndiko alikojifunza barua pepe. Alimwandikia mama yake kupitia kwangu, daima kwa mtindo mmoja. Kwanza aliuliza habari za ng'ombe mweusi aliyemnunua kwa mshahara wake wa kwanza: amezaa, anakula, mguu umepona? Ndipo amsalimie mama. Mama alikuwa akinuna. "Ungedhani mimi ndiye nafungwa kamba," alisema, huku anacheka.

Kisha kijana akaacha hoteli akafuata dhahabu. Masika ya mwaka huo duara, lile shimo la dhahabu walilokuwa wakichimba, likatitia. Wenzake walitolewa, wengine hai, wengine wafu. Yeye hakuonekana. Hakuna aliyekuwa na hakika kama asubuhi ile aliteremka au hakuteremka, na mama akaishika hiyo "au hakuteremka" kwa mikono miwili. Alisema huenda amevuka Sirari, yuko Kenya anatafuta maisha.

Kwa Wajaluo, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa kwa tunda la mwegea, lile refu zito wanaloliita yago. Huvikwa, hulazwa kaburini, huliliwa. Wazee wa ukoo walikuja na kurudi kumshauri. Mama alikataa kabisa. "Siziki tunda mtoto wangu akiwa njiani," aliwaambia, wakaondoka wameudhika.

Ndipo asubuhi moja nikafungua mashine nikaliona jina la yule kijana.

Lilikuwa limekolezwa wino, kama zinavyokuwa barua ambazo hazijasomwa. Nilitaka kumwita mama palepale, na mkono ulikuwa umeshaanza kutafuta kiambatisho, mimi mwenye karatasi ukutani. Kiliitwa picha. Lakini mwishoni mwa jina la kiambatisho hapakuwa na alama ya picha. Palikuwa na alama ya programu, kitu kinachokwenda kufanya kazi ndani ya mashine kikifunguliwa. Barua yenyewe ilikuwa mstari mmoja wa Kiingereza: mpendwa, tazama picha zetu. Ilitumwa kwa watu wengi kwa mpigo. Nikajua kuna mwizi ameingia kwenye anwani yake na anatembea nayo. Nikajua, na bado sikuifunga.

Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amesimama mlangoni. Uso wangu haujui kuficha.

"Ni yeye?" akauliza.

"Shikamoo mama. Kaa kwanza."

"Nimekuuliza, ni yeye?"

Nikamwambia jina ni lake, lakini aliyeandika si yeye, na ile picha si picha. Akasema nifungue. Hakuwa na picha yake hata moja. Iliyokuwepo ilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa mfukoni mwa kijana. Nikamweleza kwamba ndani hakuna sura, kuna ugonjwa tu wa kuua mashine. Akaitazama karatasi yangu ukutani. Hakujua kusoma, ila maneno yale aliyajua, alinisikia nikiwafokea nayo watu kila siku.

"Si unasema apigiwe simu?" akasema. "Mpigie."

Nilikuwa nimetunga sheria kwa ajili ya watu walio hai. Niliitafuta namba, nikaweka simu mezani kwa sauti, tukasikiliza wote wawili. Yule dada wa mtandao akasema namba haipatikani kwa sasa. Mama akaniomba nipige tena. Nikapiga tena. Sijawahi kuichukia sauti ya mtu kama nilivyoichukia ile.

"Nisomee alivyoandika," akasema.

Nikamsomea kwa Kiswahili.

"Na ng'ombe?"

"Hakuna ng'ombe, mama."

"Hata mwisho?"

"Hata mwisho."

Kisha akasema kwa Kijaluo, polepole, "Ok en." Si yeye.

Sikutaka hukumu itoke dukani kwangu. Nikamwambia kwamba hata walio hai huibiwa anwani, hutokea kila siku, barua hii haithibitishi lolote.

"Najua, mwanangu," akasema. "Lakini aliye hai akisikia jina lake linatembea, huja kulidai." Akajifunga kanga vizuri. "Usiitoe humo kwanza. Ikae mpaka nirudi."

Ikakaa. Nilifanya kazi siku zile jina likiwa pale, na wateja wakiinamia mashine ile niliwahamisha. Ilikuwa kama kuwa na maiti chumba cha pili. Habari zikanifikia kwamba amewaita wazee, na kwamba yago limezikwa karibu na zizi.

Alirudi amenyoa nywele. Hakukaa. Alitaka aitoe mwenyewe, kama mtu anavyotupia udongo wake kaburini, nikamshikia kidole mpaka kwenye kitufe. Akabonyeza. Mashine ikatoa maneno.

"Inasemaje?"

"Inauliza kama una hakika."

Aliitazama kwa muda. "Inamuuliza kila mtu, au mimi tu?"

"Kila mtu, mama."

"Iambie nina hakika," akasema, na akageuka ukutani ili asione nikibonyeza.

Baada ya hapo barua ziliendelea kuja kwa jina lile, kila baada ya muda, na picha yake ileile. Sikumwambia. Nilizifuta mwenyewe kabla hajapanga karanga zake, lakini kila mara kabla ya kufuta nilizisoma mpaka mwisho, nikitafuta ng'ombe.