Majani Juu ya Mtungi

Nimewahi kumwaga mitungi miwili ya maji ya kunywa mchangani, wakati wa vita, mbele ya mke wangu aliyekuwa na mtoto wa wiki tatu, na kazi hiyo niliifanya huku nikijiona shujaa. Naanza na hilo kwa sababu kwetu kila mtu analijua. Nisipolisema mimi atalisema mwingine, tena kwa kuongeza chumvi.

Asiyekaa Newala huenda asione ukubwa wa kosa. Kwetu juu hakuna mto wala kisima. Mvua ikinyesha mchanga unainywa yote, na asubuhi unakutazama mkavu kana kwamba haikunyesha. Maji yako chini kabisa, bonde la Kitangari. Wanawake huondoka jogoo wa kwanza na kurudi jua limekwisha kuwa kali, wakipanda ule mteremko mitungi kichwani. Ukimwaga mtungi umemwaga siku nzima ya mwanamke mmoja.

Mgeni huuliza, basi kwa nini msihamie bondeni? Jibu letu ni la zamani. Babu yetu wa kwanza, wazee walisema, alikaa kando ya maji, mkewe akazaa mtoto mfu. Wakasogea kidogo, akazaa mfu mwingine. Wakapanda juu, kwenye kiu, wa tatu akaishi. Tangu hapo mtu mzima anaweza kushuka na kurudi, lakini mtoto ambaye hajatembea hateremshwi bondeni. Bonde linamla.

Mimi nililiamini neno hilo kama nilivyoamini kwamba nina vidole kumi. Wala msidhani sikusoma. Nilisoma kwa wamisionari kule Masasi, mpaka darasa ambalo wenzangu walilimaliza wakaenda kuwa walimu, au makarani wa Wadachi Lindi. Mimi nilirudi nyumbani. Niliwaambia watu kwamba wazazi wameniita, ila kweli yenyewe ni kwamba sipendi kulala mahali ambapo gizani sijui mlango uko upande gani. Watu wakaniita Mwalimu, kwa kunicheka, maana sikupata kufundisha hata kuku.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume. Alipozaliwa nilimwambia mke wangu: asiteremshwe, hata siku moja. Naye alikuwa mke wa msomi, akasikia. Kila alfajiri alimwacha kwa marehemu mama yangu na kibuyu cha uji mwepesi wa muhogo, akarudi karibu na adhuhuri nguo imelowa maziwa kifuani. Kiangazi kilipokolea mtoto akaanza kuhara. Akakonda, akafa kabla hajajua kukaa sawasawa. Wazee wakasema hapana, huyu kuna aliyemteremsha. Nikamuuliza mke wangu mara tatu kama alimteremsha. Mara mbili alisema hapana. Mara ya tatu aliendelea kutwanga.

Halafu yakaja yale maji mengine, ya vita. Wajumbe walipita wakisema kuna dawa, maji yaliyochanganywa na mimea na nafaka, ukinyunyiziwa risasi ya Mdachi inageuka maji. Watu walikuwa wamechoka na kodi, wamechoka na kubebeshwa mizigo, nao walitaka sana iwe kweli. Mimi nilicheka. Niliwauliza barazani, nani kati yenu amejaribu? Kila mtu akamtazama mwenzake. Nikasema, sasa mnaaminije jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyelijaribu? Nilisema hivyo mimi, niliyefika umri ule bila kushuka hata mara moja kwenye maji yaliyonilea. Nilirudi nyumbani nimefura kama andazi, na kwa kuwa kuhusu risasi nilikuwa sahihi, nikajiona sahihi katika kila kitu.

Misheni ya Masasi ikachomwa. Baada ya hapo wakaja askari wa Wadachi, wakichoma maghala ya waliokula dawa na ya wasiokula, maana ghala halina alama usoni. Wenye akili wakavuka Ruvuma. Mimi nikasema vita itapita, kwani nina kosa gani? Tena mke wangu alikuwa karibu kujifungua. Akajifungua msichana, na karibu wiki tatu baadaye moshi ukaonekana upande wa Mkunya. Tukaingia kichakani.

Tuliingia wanne: mimi, mke wangu, kile kichanga na jirani yetu. Jirani huyu alikuwa mwanamke aliyenizidi umri kidogo, mama wa watoto sita, na ulimi wake ulikuwa na makali kuliko panga lake. Watoto wake aliwapeleka ng'ambo ya Ruvuma na mjomba wao. Yeye mwenyewe akabaki kwa sababu mumewe alichukuliwa kubeba mizigo ya askari. "Atanikuta aliponiacha," alisema.

Kichaka cha kwetu hakipitiki. Miiba imefumana kama mkeka. Unaingia kwa tumbo, kwenye tundu ambalo mbwa angelikataa, na ndani tulikata nafasi ya kutosha kulala kwa zamu. Kusimama huwezi. Moto huwezi kuwasha. Muhogo tuliula mbichi. Nikitaka kukohoa nilijifunika uso kwa mikono yote miwili, na mtoto akianza kulia mama yake alimziba kwa titi. Mimi niliyependa kukaa nyumbani kuliko watu wote nikawa nimepata nyumba ambayo siwezi kutoka. Mungu naye ana utani wake.

Jirani ndiye aliyetuletea maji. Alishuka mara mbili, mtungi mmoja kila safari, akaiweka pembeni kwenye kivuli. Siku ya tatu asubuhi alitoka kwenda kuchimba muhogo. Mke wangu na mtoto wamelala. Mimi nimejikunja kwa kukosa kazi, nikaitazama ile mitungi kwa mara ya kwanza. Juu ya maji kulikuwa na majani mabichi, yamepangwa vizuri.

Nikaganda. Maji yenye mimea. Kumbe huyu mama amekula dawa ya vita, na ameificha hapa miguuni kwetu. Tulikuwa tumesikia kwamba anayekutwa na ile dawa ananyongwa pamoja na wote walio naye. Sikumwamsha mtu. Niliinamisha mtungi wa kwanza, mchanga ukayanywa. Nilipouinamisha wa pili mke wangu akafumbua macho.

"Unafanya nini, baba?"

"Naziokoa roho zetu."

Alitazama mchanga. "Hayo ni maji ya kunywa," alisema.

"Na majani?"

"Ya kuzuia maji yasiruke njiani. Ukitembea yanaruka." Akayaokota yale majani, akayalamba moja moja, kila upande.

Hivyo ndivyo nilivyojua. Kila mwanamke wa Umakonde huweka majani juu ya mtungi. Mimi nimekunywa maji hayo maisha yangu yote, ila mtungi ulinifikia majani yamekwisha kutolewa.

Jirani aliporudi aligusa mchanga kwa kidole. "Mwalimu," alisema, "huu ni mkojo wako au ni maji yangu?"

Nilimweleza. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ametoka kuona kitu: askari wamepiga mahema juu kabisa ya njia ya kisimani, maana wamegundua kwamba mtu wa juu huwezi kumfukuza kichakani, ila kiu itamleta mwenyewe.

Siku ile tulitafuna muhogo kwa ajili ya utomvu wake. Usiku umande haukushuka. Kesho yake maziwa ya mke wangu yakapungua, mtoto ananyonya, anaachia, analia, ananyonya tena. Midomo yake ilianza kupauka.

Jirani akasema, "Upande wa gengeni, kwenye poromoko, kuna pa kushukia. Hapana njia, askari hawapajui. Lakini siwezi kupanda na mtungi pale. Tushuke wote, tukae kwenye matete mpaka waondoke."

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mtoto ana miguu ya kubaki?"

"Mtoto hateremshwi bondeni, dada. Unajua. Mmoja tumeshazika."

"Huyu unataka kumzika wapi?"

"Usiseme hivyo mbele ya mama yake."

"Mama yake anasikia vizuri," alisema jirani, akageukia upande wa pili.

Mimi nilikaa kati ya mambo mawili kama panya kati ya mitego miwili. Tukikaa, kiu. Tukishuka, bonde. Na kiu niliileta kwa mikono yangu, kwa hiyo nilitamani sana bonde liwe ndilo lenye makosa.

Siku iliyofuata mtoto akaacha kulia. Tangu tuingie tulikuwa tukimbembeleza anyamaze, sasa alikuwa amenyamaza, nasi tukawa tunamfinya alie. Mke wangu akaikung'uta mbeleko, akamfunga mgongoni, akalala kifudifudi na kutambaa kuelekea tunduni. Hakuniuliza. Tangu nimwoe lilikuwa jambo la kwanza ambalo hakuniuliza. Jirani akamfuata, mtungi mtupu amejifunga mgongoni. Nami nikafuata, si kwa ushujaa, ila kubaki peke yangu niliogopa zaidi.

Ilikuwa jua la utosi, askari wako vivulini. Gengeni wale wanawake walishika mizizi bila kuitazama, kama mtu anavyoshika komeo la mlango wake. Mimi niliteremka kwa makalio. Chini, mke wangu alipiga magoti akanywa, akapumzika, akanywa tena, na kabla jua halijatua mtoto alikuwa ananyonya kwa sauti. Sijapata kusikia ngoma nzuri kuliko ile.

Ndani ya matete palikuwa na mahali pamelainika, mafiga matatu ya zamani, na juu yake tawi lililosuguliwa likang'aa, kana kwamba limefungiwa nguo ya bembea miaka mingi. "Nani alikaa hapa?" niliuliza.

"Wateka maji," alisema jirani.

Sikuendelea kuuliza. Nilikuwa na kazi: kumlinda mtoto asife. Nilimtazama kila alipolala, sikio langu puani pake. Siku ya tatu, nikasema, leo. Siku ya nne, nikasema, leo. Mbu walituimbia sote, na siku ya sita homa kweli ikaja, ila ilinichagua mimi. Nilitetemeka mpaka matete yakatetemeka, na jirani akanikanya kwamba nitawaita askari. Mtoto alikuwa ananenepa. Mashavu yake yalikuja kama maandazi mawili. Siku ya tisa mahema yaliondoka, tukapanda kwa njia ya kawaida, jirani na mtungi umejaa kichwani, mimi nikishika mkia wa msafara na kupumzika kila jiwe.

Nyumba yetu ilikuwa imechomwa, lakini kuta zilisimama. Tukakaa chini kwenye kivuli cha ukuta. Homa imeniachia, na pamoja na nguvu kidogo ikarudi ile tabia yangu ya barazani. Nikawaambia wale wanawake kwamba mimi nimegundua jambo. Kwamba wazee wamekosea. Kwamba bonde haliui mtoto, nimelijaribu kwa macho yangu, na wanaume wakirudi kutoka Ruvuma nitawaita niwafundishe, maana watu hawawezi kuendelea kuamini jambo ambalo hakuna aliyelijaribu.

Mke wangu alikuwa amenipa mgongo, anaifungua mbeleko. Mikono yake ilisimama kwenye fundo.

Jirani aliuvuta mtungi wake karibu. Akatoa majani juu ya maji, moja moja, akayaweka mbele yangu.

"Wangu wote sita niliteremka nao mgongoni, Mwalimu, na wanawake wote wa hapa wameteremka na watoto wao. Mkeo peke yake ndiye aliyekusikiliza."