Uwanja wa Ndege Usio na Mwenyewe

Miaka ya mwanzo ya ugatuzi, kaunti zilipoanza kupokea kazi za serikali kuu, nilitolewa ofisi ya barabara nikapewa viwanja vya ndege. Si ule mkubwa wa lami hapa Isiolo. Ule ulikuwa na wenyewe. Vyangu vilikuwa vile vidogo vya udongo huko malishoni, ambako ndege ya daktari hutua mbuzi wakishafukuzwa. Nilikabidhiwa meza, faili moja, na ufunguo wa kabati tupu.

Kimoja kilikuwa upande wa Kipsing. Mvua zilikikata katikati kwa korongo la kina cha goti. Kulijaza ilikuwa kazi ya greda ya siku moja, na greda tulikuwa nayo, imeegeshwa nyuma ya ofisi. Niliiona kila nilipokwenda msalani. Nikaandika barua kuiomba.

Mkuu wangu, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akikataa jambo wala kulikubali, aliisoma akanirudishia.

"Uwanja huo haujakabidhiwa kwa kaunti," alisema. "Tukipeleka greda, wakaguzi watauliza tunatengeneza mali ya nani."

"Kwani ni ya nani, bosi?"

"Ya serikali kuu, mpaka watuandikie."

Nikapanda gari kwenda Nairobi. Afisa niliyempata huko alifungua kitabu cha sheria akaniwekea kidole kwenye mstari. "Viwanja vidogo ni vyenu, dada yangu. Mbona mnatuletea shida zenu?"

Nikamwomba aniandikie maneno hayo hayo. Akasema kuandika si kazi yake, ni ya mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa kwenye warsha.

Barua zikazunguka miezi. Kila Jumatatu muuguzi wa zahanati ya kule alinipigia simu kuuliza kama greda inakuja, nami nikamjibu, "Wiki ijayo, inshallah." Mwishowe nikachoka na sauti yangu mwenyewe. Siku moja, tena haikuwa Jumatatu, niliona jina lake kwenye simu nikaiacha ilie.

Siku hiyo mfugaji mmoja alikuwa ameumwa na nyoka mguuni. Ndege ilikuja, rubani akazunguka mara mbili juu ya uwanja, akaliona korongo, akarudi alikotoka. Wakampakia mgonjwa kwenye pikapu, mawe na mchanga njia nzima. Alifika hospitali akiwa hai, lakini mguu ulikatwa chini ya goti.

Nilikwenda kumwona wodini. Mke wake aliketi kando ya kitanda.

"Wewe ndiye wa uwanja?" aliuliza.

"Ni mimi."

Akamgeukia mumewe. Mumewe ndiye aliyesema, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi. "Hiyo shimo, mama, hata sisi tungejaza. Si ni wewe ulikuja kwa baraza ukatuambia hiyo ni mali ya serikali, mtu asiguse?"

Ni kweli. Nilikwenda, nikasimama mbele yao, nikasema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa.

Jumamosi nilimwomba kaka yangu lori lake. Nyumbani kwetu tumekuwa watu wa malori tangu enzi za baba. Tulibeba sururu, koleo na karai, tukaenda. Nilidhani tutakuwa wawili, lakini watu walitoka manyattani, wanaume wakachimba kokoto, kina mama wakabeba. Kaka akapita juu kwa lori, mbele na nyuma, mpaka udongo ukashikana. Muuguzi alifanya kazi karibu nami bila kunisemesha. Ni siku ya pili, adhuhuri, aliponipa chai.

"Siku ile ningekupigia simu tena," alisema, "lakini nilijua hushiki."

Nikamaliza chai, nikashika koleo tena.

Jumanne nilikuta barua mezani: nilikuwa nimefanya ukarabati bila idhini kwenye mali isiyo ya kaunti, na nijieleze. Miezi yote ile ofisi yetu haikuweza kuandika mstari mmoja kuhusu uwanja ule. Hii ilipatikana kwa siku moja, imepigwa muhuri na kutiwa sahihi mbili.

Nikajieleza, nikahamishiwa maegesho ya magari mjini. Nasikia ndege imetua kule mara kadhaa tangu wakati huo, na mvua ikilifungua korongo wanalijaza wenyewe, hawamngojei mtu. Yule mfugaji hutembea kwa magongo. Tukikutana sokoni hunisalimu vizuri, huniuliza habari za kaka, na mimi hushindwa kumtazama usoni.