Siku Mama Alipokubali Wembe

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla hata ya kuchota maji, ilikuwa kumsuka mama. Alikuwa na nywele ndefu ambazo wanawake wa kwetu Matungu walizionea wivu waziwazi. Lakini wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa isipokuwa mimi. Pale nywele zinapoanzia, juu ya jicho la kushoto, alikuwa na kidonda kilichokuwa kikipona, na hakutaka mtu akione.

Baba ndiye aliyemjeruhi. Ilikuwa miaka ile ya neema ya miwa, watu walipopanda miwa hadi nyuma ya jikoni na matrekta yakapita na trela zilizojaa tangu alfajiri. Miwa yetu ilipolipwa, baba alirudi na nyama, mikate na redio kubwa. Siku zilizofuata alirudi na pombe kichwani. Jioni moja mama alimwomba apunguze sauti ya redio, kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa mgonjwa. Baba akamrushia redio hiyo hiyo. Nilikuwa mlangoni na sufuria ya mboga mkononi, nikaona yote.

Utauliza kwa nini mama hakufunga kitambaa tu. Kwetu, kitambaa kilichovutwa hadi kwenye nyusi kilikuwa tangazo. Kila mwanamke aliyekiona alijua mwenzake amepigwa, na huko kisimani pole zilikuja pamoja na maswali. Mama hakupenda kuonewa huruma. Kwa hiyo mistari ya mbele niliisuka ikielekea usoni, nikaifunga kwa uzi mweusi, ncha zikalala juu ya kidonda. Vidole vyangu vilikuwa vizito. Nilipomvuta alikaza meno, machozi yakamlengalenga.

"Polepole, Nekesa," alikuwa akiniambia. "Polepole."

Hata wiki tatu hazikuisha, baba akaanguka kutoka juu ya trela ya miwa, akafa siku hiyo hiyo.

Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi, watu wa nyumba ya marehemu hunyolewa. Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa ametueleza sababu. Nywele zilizokuwa kichwani marehemu akiwa hai zimeshika pumzi yake. Zikibaki, naye hubaki akizunguka boma, na mwishowe huondoka na mmoja wa waliomo. Tulinyolewa sisi watoto kwanza, nikajipapasa kichwa nikacheka, Mungu anisamehe. Ilipofika zamu ya mama, alikataa.

"Mimi nimeokoka, Mama," alimwambia Kukhu. "Mambo ya kunyolewa niliyaacha."

"Hata mwenye ameokoka ako na nywele," Kukhu alimjibu.

Watu wakacheka kidogo. Aliyeshika wembe alikuwa shangazi Rispa, dada mkubwa wa baba, mwanamke asiyeweza kumeza neno. "Bibi anakataanga wembe kama alifurahia kifo ya bwana yake," alisema, mbele ya watu wote.

Mimi peke yangu nilijua kilichokuwa chini ya mistari ile. Watu walikuwa wametoka kumsifu baba kaburini, na mama aliona afadhali ashukiwe hivyo kuliko kuwaonyesha kazi ya mkono wa baba.

Siku mbili baadaye homa ikanishika. Nilitetemeka juani, nikatapika uji, na kufikia asubuhi ya pili nikawa namwona baba amesimama kando ya ukuta. Nilipomtaja, Kukhu alijishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Amekuja kuchukua mutoto," alimwambia mama. "Wewe na hizo nywele zako! Unataka nizike wawili?"

Alikuwa analia. Alikuwa amemzika mwanawe juma lile, na leo nikiwa na watoto wangu siwezi kumlaumu. Lakini alikataza nisipelekwe zahanati. Alisema mgonjwa anayeitwa na marehemu humalizwa na sindano, kwa hiyo lazima kwanza nywele ziondoke. Zahanati ilikuwa mbali, baiskeli pekee ilikuwa ya baba mdogo, na baba mdogo hangeitoa bila neno la mama yake.

Mama alinitazama. Kisha akaleta kigoda mwenyewe, akakiweka nyuma ya jikoni, akaketi.

"Ninyoeni," alisema. "Lakini mkimaliza, mtoto aende zahanati leo. Asingoje kesho."

Nilikuwa nimelazwa juu ya mkeka hatua chache tu kutoka pale. Shangazi alianza kisogoni. Alipofika mbele alikuta nimekaza uzi sana, ikabidi aukate. Akainua mstari wa kwanza, mkono wake ukasimama. Kidonda kilikuwa kimebakia na kigaga pembeni, na katikati ngozi changa, nyekundu.

"Hii ni nini?"

"Nilijigonga kwa mlango."

"Mlango gani unagonganga mtu hapa juu?"

Nikasema mimi, "Si mlango, shangazi. Ni baba. Alimpiga na redio."

Kukhu aliinama akakitazama kile kidonda kwa karibu, na nikauona uso wake ukibadilika. Najua aliniamini. Kisha akasema taratibu, "Mutoto ako na homa. Anaropoka."

Nikamgeukia mama ili anitetee.

"Ndiyo," mama akasema, macho yakiwa chini. "Ni homa."

Shangazi akaendelea kunyoa. Alikizunguka kidonda kwa uangalifu, akakipangusa kwa maji ya uvuguvugu, na tangu siku ile sikumsikia tena akimsema mama vibaya. Kukhu aliokota nywele zote, hata zile zilizonata kwenye nyasi, akazifukia.

Kule zahanati nilidungwa sindano, nikapona. Kukhu alikufa akiamini ni wembe ulioniponya. Sikuwahi kubishana naye.

Kwa miaka mingi nilijishuku. Nilijiambia huenda kweli ilikuwa homa, huenda ulikuwa mlango, huenda hata ile sufuria ya mboga niliiota. Ni kazi ngumu kwa mtoto kuyakana macho yake mwenyewe, lakini niliifanya, kwa sababu aliyeniagiza ni mama.

Nilikuwa mtu mzima, naye mgonjwa kitandani, nilipomwuliza kwa nini alinikana. Swali halikumshangaza.

"Ulikuwa na baba mmoja tu, na alikuwa ameshaenda," alisema. "Nilitaka ubaki naye akiwa mzuri."

Nilimshika mkono. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba yule baba mzuri hakubaki, na kwamba niliyempoteza siku ile alikuwa yeye, mama yangu.