Majivu kwenye Chungu cha Mepo

Nimechoka na mti. Nilisema hivyo kwa sauti asubuhi moja ya kiangazi, ndoo mkononi, na waliosikia ni kuku wa jirani tu. Mtu wa Bariadi anayelea mti wa nchi ya baridi anastahili kuchekwa, na mimi nimechekwa vya kutosha.

Mti wenyewe ni mepo wa Kijapani. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, huuita momiji, kama wanavyouita huko Japani alikokwenda kusoma, akapata kazi, akabaki. Mwaka wa kwanza alinitumia mbegu ndani ya bahasha. Nilizifukia kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya kopo la siagi, nikaliweka kopo kwenye friji la dukani kwangu, katikati ya soda, kwa sababu mbegu zile haziamki mpaka zipitie baridi. Umeme ukikatika nililifunika friji kwa blanketi. Zikaota chache. Akatuma nyingine, za aina yenye majani membamba kama nyuzi, halafu nyingine za majani ya zambarau, na nikajikuta nina safu ya vyungu ukutani upande wa kivuli. Jani la mepo lina ncha kama vidole vilivyotanuliwa, basi wateja waliokuja kununua sukari wakawa wananiuliza bei ya bangi. Mjumbe wa mtaa alikuja kuhakikisha mwenyewe, akanusa jani, akaondoka na soda.

Kisha miche ikaanza kufa. Mingine ilikaushwa na upepo wa kiangazi, mmoja uliliwa na mbuzi, mingine niliiua kwa maji ya kisima kabla sijajua kwamba mepo haupatani na chumvi. Tangu hapo nikawa nakinga maji ya mvua kwenye tanki na kuyalinda kuliko ninavyolinda duka. Ukabaki mti mmoja, wa majani ya kijani, kimo chake hadi kiunoni. Kila kiangazi ulipopukutisha majani niliuingiza kwenye friji ukalale, na soda zangu zikauzwa za moto kwa wiki kadhaa. Mgongo wangu unaujua uzito wa chungu kile.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuacha. Binti yangu hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Salamu zikiisha huwa tunakaa kimya, kila mmoja akimsikiliza mwenzake anavyopumua, mpaka aulize, "Momiji unaendeleaje?" Hapo ndipo mazungumzo yanapopata miguu. Namwambia umetoa machipukizi mangapi, yeye ananieleza kivuli, udongo, mbolea. Mti ukifa, sikujua tungezungumza nini. Niliogopa hivyo, na hofu hiyo ndiyo iliyobeba ndoo.

Mwaka huu mti ulitoka kwenye friji vizuri, ukachipua, halafu majani yakaanza kuungua pembeni. Nikausogeza kivulini zaidi. Nikapunguza maji, nikaongeza maji. Majani yakazidi kukunjamana na kudondoka mabichi. Mwisho nikachukua kijiko kuchokonoa udongo, na kijiko kikagonga kitu kigumu. Chini ya majani makavu niliyokuwa nimetandaza juu ya chungu palikuwa na tabaka la kijivu, limeshikana kama sakafu.

Yalikuwa majivu. Hapa kwetu nyumba moja tu inapikia kuni na ina mtu anayezoa jiko kabla hakujakucha, nayo ni yetu, na mtu huyo ni mama mkwe wangu. Tunaishi wawili tangu mume wangu afariki. Kwao Nassa, mche wowote ulioonyesha dalili ya mchwa ulizungushiwa majivu, ukapona, ukazaa, na watu wakala. Mchicha wangu wenyewe nyuma ya nyumba unapendeza kwa sababu ya majivu yake. Lakini mepo unataka udongo wenye uchachu, na majivu huua uchachu huo. Kila alfajiri, mimi nikifungua duka, yeye alikuwa akiulisha sumu kwa mkono wa huruma.

Nilikasirika. Ningekuwa na mtu wa kumfokea ningefoka. Badala yake nikakaa kwenye kigoda mbele ya mama mkwe na kumwambia, "Mayu, mama yangu, mti huu hautaki majivu."

"Nilimwona mchwa," akasema. "Na wewe nilikuona umechoka."

Akaingia ndani. Siku ile hakugusa ugali. Nilibadilisha udongo, nikaosha mizizi kwa maji ya mvua yaliyobaki, lakini shina lilikuwa limekwisha kuwa jeusi. Nilipolikwaruza kwa kucha sikukuta kijani.

Jumapili simu ilipoita nilikuwa uani na kile chungu mapajani. Nilikuwa nimewaza kumdanganya, nimtumie picha ya zamani. Alipouliza mti, nikaanza kukwaruza udongo kwenye chungu. Mama mkwe alinyoosha mkono, nikampa simu, ikiwa na sauti ya juu kama anavyoitaka kwa ajili ya masikio yake.

Akamwambia kwa Kisukuma, bila kuzunguka, kwamba mti umekufa na aliyeuua ni yeye, kwa majivu. Kisha binti yangu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu alipokuwa na sare ya shule. Mama mkwe naye akacheka, akamwita "mke mwenza" kwa utani wa bibi na mjukuu, akamwambia asimnunie kwa kijiti tu. Halafu akaacha kucheka.

"Unalala?" akamuuliza.

Nilishangaa swali lenyewe. Mimi nilikuwa nimeuliza juu ya theluji, juu ya kumwagilia asubuhi au jioni, juu ya jani lenye madoa.

"Silali, bibi," sauti ikasema. "Muda mrefu sasa silali."

Na akaendelea, kwa Kisukuma nilichodhani amekisahau. Nyumba yake ina baridi. Kazini hakuna anayemsalimia mpaka awe na shida naye. Jumapili anapopiga simu huwa amejiandaa na maneno, lakini anamsikia mama yake amechoka, basi anauliza mti.

Mama mkwe alikuwa anaitikia tu, "Ee. Ee, mjukuu wangu." Niliweka chungu chini, nikapangusa udongo kwenye khanga, nikavuta kigoda karibu na simu.

"Na mimi nipo," nikasema. "Anza tena, tangu mwanzo."