Bibi Arusi Hajichumii Maua

Sikuota, wala sikuwa na homa. Jua lilikuwa bado linawaka hapa Kalemie, nami nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni. Anayetaka kucheka acheke sasa, kisha anisikilize.

Mdogo wangu Feza alizama na mtumbwi akitoka Zongwe, zikiwa zimebaki siku chache aolewe na Kabwe. Mwili wake hatukuupata. Kando ya jiko yalibaki maua mekundu aliyoyapanda mwenyewe kwa ajili ya arusi. Kwetu bibi arusi hajichumii maua. Huyapokea mkononi mwa ndugu yake, na akishayapokea, mume ni wake, hakuna wa kuwatenganisha. Kazi hiyo ilikuwa yangu.

Mwaka ulipopita, alasiri moja, Kabwe alikuwa ziwani kwa mtumbwi, anarudi kutoka Kabimba na mzigo wa saruji. Mwanamke aliyejifunika kitenge hadi usoni akaingia uani. Kitenge kilikuwa kinachuruzika maji. Mvua aliitoa wapi, na udongo wote ulikuwa mkavu?

"Ninaomba unichumie maua," akasema.

"Si uko karibu nayo, Mama? Uko na mikono, chuma tu."

Akacheka. "Yaya, ungali muvivu! Bibi arusi anajichumia?"

Niamini, kicheko kile nilikijua. Na hakuna mwingine aliyewahi kuniita Yaya, jina la ndugu mkubwa. Sombe ikaniponyoka.

"Unaolewa na nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Njo anakuja. Iko mu mutumbwi."

Upepo ukaanza kupiga mabati. Wewe ungefanya nini? Alikuwa Feza wangu, niliyemlilia mwaka mzima bila kaburi la kwenda kukaa. Ua moja tu, naye angefurahi. Vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kushika shina. Nikaliachia.

"Feza, nakupenda. Lakini Kabwe simutoi."

Alininyooshea kiganja kwa muda mrefu, kisha akatoka. Pale aliposimama udongo ulikuwa umelowa.

Kabwe alifika jioni, ametota, meno yanagongana, na bado anatania: "Shemeji, ziwa limenikataa. Nimekonda mno." Kisha akakaa chini. Akasema kwamba dhoruba ilipowakamata, mkono ulitokea majini ukashika ukingo wa mtumbwi. Halafu ukaachia, ukageuka, kiganja kikabaki wazi, kama cha mtu anayengoja kupewa kitu.

Nilikuwa sijamwambia neno.

Kabwe ameoa sasa, ana mtoto. Maua yale hayajachanua tena. Ni majani matupu, nayamwagilia kila asubuhi. Sijutii. Ila nikisikia maji yakidondoka uani, naacha kazi, nasikiliza.

Nawe, mtu akisimama kando ya maua yako, mikono yake haina kitu, na bado akuombe umchumie, usimpe kwa huruma. Muulize kwanza anaolewa na nani. Hata akiwa ni wako. Hasa akiwa ni wako.